Pesa inahama kwa sekunde, mwenye pesa anahama kwa miezi

Mwezi uliopita mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kilosa, alinipigia simu saa nne usiku. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akafika kwenye shida yake: “Mjomba, hivi ni kweli mwenye mkopo haruhusiwi kuhama benki?”

Mchana wa siku hiyo walikuwa wamepita shuleni kwao vijana wawili wenye fulana za benki, wakagawa vipeperushi vilivyoandikwa kwa herufi kubwa TUNANUNUA MKOPO WAKO. Walipoondoka, ofisi ya walimu iligeuka bunge. Mmoja alisema mkopo ukinunuliwa deni la zamani limefutwa, unaanza upya kama mtoto aliyebatizwa. Mwingine akaapa kwamba mshahara wa serikali ukishaingia benki fulani hautoki huko mpaka ustaafu. Wa tatu akasema yote hayo ni kujisumbua, dawa ni kutoa pesa yote, kuacha akaunti sifuri na kutupa kadi. Mwalimu mkuu akafunga mjadala: benki zote baba mmoja mama mmoja, tofauti ni rangi ya fulana.

Nilimjibu mpwa wangu kwa kifupi, na nilipokata simu nikajua sikumjibu vizuri. Mimi mwenyewe nimehama benki mara moja tu maishani, nikaanza Februari nikamaliza Juni. Basi ngoja nijaribu tena, taratibu, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Unapohama, unahamisha nini?

Mtu akisema “nahama benki” anaweza kuwa anazungumzia mambo matatu, na ubishi mwingi wa pale ofisini ulitokana na kila mmoja kuzungumzia lake. Kuna kufungua akaunti mpya kwingine huku ile ya zamani ikiendelea kuwepo. Kuna kuelekeza mshahara, pensheni au mauzo ya duka kwenye akaunti mpya. Na kuna kuifunga ile ya zamani kabisa.

La kwanza siku hizi ni jepesi. Ukiwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kidole chako, akaunti unaipata ukiwa umesimama, wakati mwingine kwa wakala chini ya mwavuli. La pili si lako peke yako, linamhitaji anayekulipa. La tatu ndilo lenye mgogoro, na ndilo watu hulikimbia. Karibu kila ninayemfahamu aliyejisifu kuwa “nimehama” aliishia kwenye la kwanza au la pili. Ukifungua droo yake utakuta kadi nne, na mbili hajui namba zake za siri.

Pesa yenyewe haina shida ya kuhama. Malipo makubwa baina ya benki na benki yanapita kwenye mfumo wa Benki Kuu uitwao TISS, ambao upo tangu 2004. Malipo madogo ya papo kwa papo sasa yanapita kwenye TIPS, mfumo mwingine wa Benki Kuu ulioanza kwa majaribio mwaka 2021, unaounganisha benki na mitandao ya simu. Unaweza kuketi kibarazani ukahamisha akiba yako yote kabla chai haijapoa. Kinachobaki nyuma ni vile vitu vingine vyote vilivyofungwa kwenye akaunti kama kupe kwenye sikio la ng’ombe.

Ukurasa wa 43

Swali ninaloulizwa mara nyingi, na ni swali zuri, ni hili: mbona kwenye simu tunahama na namba zetu? Tangu Machi 2017 mteja wa simu Tanzania anaweza kuhama kampuni na namba yake ikabaki ileile, hata kama tarakimu za mwanzo zinaonyesha alikotoka. Kwa nini namba ya akaunti haiwezi?

Jibu ni kwamba namba hizo mbili si ndugu. Namba ya simu iko kwenye mpango wa namba wa nchi nzima. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ndiyo inayoyagawia makampuni mafungu ya namba, na kuna kumbukumbu moja ya pamoja inayosema namba hii leo inahudumiwa na nani. Mtu akikupigia, mitandao hutazama hapo kwanza.

Namba ya akaunti ni ukurasa wa daftari la duka. Tuseme Mangi, mwenye duka la mtaani kwenu, ana daftari la wateja wake, na wewe uko ukurasa wa 43. Ukigombana naye ukahamia duka la pili, huwezi kufika pale ukasema, “Mimi ni ukurasa wa 43.” Huyu wa pili ukurasa wake wa 43 una mtu mwingine, au daftari lake lina kurasa 30 tu, au haandiki kurasa, anaandika majina. Kila benki ina mtindo wake: nyingine namba ndefu, nyingine fupi, nyingine zimefichwa ndani yake alama ya tawi na aina ya akaunti. Hakuna daftari kuu linalosema ukurasa wa 43 wa Mangi wa kwanza sasa ni ukurasa wa 12 wa Mangi wa pili.

Kwa hiyo ukihama, kila aliyekuwa anaijua namba yako ya zamani inabidi aambiwe. Afisa utumishi, mfuko wa pensheni, mpangaji anayekuwekea kodi ya chumba, mweka hazina wa kikundi, kampuni ya bima, shemeji aliyeko Muscat anayetuma pesa ya ujenzi. Mmoja akisahaulika, pesa yake itakwenda kwenye nyumba ambayo wewe hukai tena.

Wazee wetu hawakuyajua mateso haya, na si kwa sababu benki zao zilikuwa nzuri zaidi. Hawakuwa na pa kuhamia. Benki za binafsi zilitaifishwa Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, na kwa watu wengi wa bara Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikawa ndiyo benki, nukta. Sheria ya mwaka 1991 ndiyo iliyofungua mlango kwa benki binafsi, na mwaka 1997 NBC yenyewe ikagawanywa, benki ya NMB ikazaliwa humo. Desturi ya mteja kuitazama benki usoni akasema “nakwenda kwingine” bado ni changa hapa kwetu, na hata karani wa dirishani anapoisikia hushtuka kidogo.

Ndoo na mipira

Sasa mshahara. Chukulia mshahara ni maji yanayotoka kwenye tangi la mtaa kupitia bomba mpaka kwenye ndoo yako. Njiani, kabla maji hayajakufikia, kuna watu wamechomeka mipira yao wanachota. Wengine hawana mpira, wao husubiri ndoo ijae wakachota humohumo ndani ya ndoo. Kuhama benki ni kubadilisha ndoo.

Waliochomeka mipira njiani hawaguswi na mabadiliko hayo. Kodi ya mapato, mchango wa pensheni, bima ya afya, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inayochukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wote hukatwa kwa mwajiri kabla fedha haijaelekea benki yoyote. Uhamie benki ya jirani au ya mwezini, watakata vilevile. Mtumishi wa umma aliyekopa kwa dhamana ya mshahara kwa kawaida naye rejesho lake hukatwa hukohuko juu, kwa cheki namba yake, yaani namba yake ya utumishi kwenye orodha ya malipo. Aliyeajiriwa na kampuni binafsi mara nyingi ni kinyume: mwajiri anaweka mshahara mzima uliobaki baada ya kodi, na benki inachukua rejesho lake ukiingia. Huyo ndoo yake imeshikwa kwa mikono miwili.

Utauliza: kama deni la mwalimu linakatwa njiani, benki ya zamani inapoteza nini mshahara ukiingia kwingine? Kihesabu, kidogo tu. Lakini benki inajua kwamba mpira wa njiani huchomoka. Mtumishi anahamishwa kituo, jina linaruka kwenye orodha ya malipo mwezi mmoja, au anachukua likizo bila malipo, na rejesho halikatwi. Ikiwa ndoo iko kwake, benki itachota humo. Ikiwa ndoo iko kwa mwenzake, itabaki kupiga simu. Ndiyo maana mikataba mingi ya mikopo ina kifungu kinachosema mshahara utaendelea kupitia kwao mpaka deni liishe, na mwajiri naye hutia saini barua ya kukubali hivyo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mpwa wangu. Sheria inayosema mwenye mkopo asifungue akaunti benki nyingine haipo. Kinachomfunga ni karatasi aliyoisaini mwenyewe siku ile alipokuwa na haraka ya kwenda kununua bati. Ana njia tatu: amalize deni, apate barua ya benki ya zamani inayoridhia mshahara uhame, au benki mpya ilinunue lile deni. Na yule mwalimu aliyesema mshahara hautoki mpaka ustaafu alikuwa amechanganya ugumu na katazo. Barua kwa mwajiri ikipita kwa mkuu wa shule, pamoja na uthibitisho wa akaunti mpya na barua ya benki ya zamani kama kuna mkopo, mshahara unahama.

Ila haraka iwe ya mwajiri, isiwe yako. Orodha ya malipo hufungwa siku kadhaa kabla ya mshahara kutoka, kwa hiyo barua iliyofika tarehe 20 huenda ikasubiri mwezi unaofuata. Nimeona mtu aliyefunga akaunti ya zamani siku ileile aliyopeleka barua. Mshahara ulikwenda kugonga mlango uliofungwa, ukarudi Hazina, na akakaa mwezi na nusu akiishi kwa mkopo wa dukani. Kwa Mangi wa kwanza.

Nani kanunua nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

“Kununua mkopo” maana yake ni kwamba benki mpya inailipa benki ya zamani salio la deni lako, halafu wewe unadaiwa na benki mpya. Hakuna kilichofutwa. Umebadilishiwa mdai. Biashara hii imeshamiri kwa watumishi wa umma kwa sababu ya kanuni ya theluthi moja, inayotaka mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara baada ya makato. Aliyefika ukingoni hawezi kuongezewa mkopo wa pili juu ya wa kwanza, kwa hiyo benki inayomtaka lazima kwanza iung’oe mkopo uliopo.

Tufanye hesabu ya kubuni, lakini yenye ukweli. Mwalimu alikopa shilingi 10,000,000 kwa miaka 6, riba asilimia 17 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalobaki. Rejesho lake ni kama 222,500 kila mwezi. Miaka 2 imepita, ameshalipa zaidi kidogo ya 5,300,000. Anadaiwa kiasi gani? Wengi hujibu 4,700,000. Jibu ni kama 7,710,000.

Hajaibiwa. Mwezi wa kwanza kabisa, riba peke yake ilikuwa karibu 141,700, na kwenye lile rejesho la 222,500 zikabaki kama 80,800 tu za kupunguza deni lenyewe. Miezi ya mwanzo mkopaji hulipa riba zaidi, deni hushuka pole pole, na baadaye mambo hugeuka. Mkopo wa namna hii ni kama kupanda mlima kwa baiskeli: jasho la kwanza lote ni la mlima, raha iko kwenye mteremko wa miaka ya mwisho.

Sasa anakuja kijana wa fulana. Anasema: sisi riba yetu asilimia 15, tutanunua deni lako, na rejesho lako litashuka mpaka 163,000. Mwalimu anaona karibu 60,000 kila mwezi zimebaki mfukoni, anachukua kalamu. Asichoambiwa, au alichoambiwa haraka haraka, ni kwamba ule mkopo mpya ni wa miaka 6 tena. Angebaki kwenye mkopo wa zamani, miezi 48 iliyosalia ingemgharimu kama 10,680,000. Kwenye mpya, miezi 72 kwa 163,000 ni kama 11,740,000. Riba imeshuka, lakini atalipa zaidi ya milioni moja ya ziada, na ule mteremko wa baiskeli aliokuwa anaukaribia ameuacha, amerudi chini ya mlima.

Je, kununuliwa mkopo daima ni mtego? Hapana. Mwalimu huyohuyo akisema “sawa, lakini kwa miezi 48 ileile iliyobaki”, rejesho linakuwa kama 214,600 na jumla kama 10,300,000. Ameokoa karibu 380,000. Lakini ada ya kushughulikia mkopo na bima ya mkopo zikila asilimia 2.5 tu ya mkopo mpya, karibu 193,000 ya ule wokovu imeshaondoka. Na kama mkataba wa zamani una faini ya kumaliza kabla ya muda, kilichobaki huenda kisitoshe nauli ya kufuatilia.

Wako pia wanaouzwa kwa “hela ya mkononi”. Benki mpya inanunua deni na kukuongezea milioni mbili taslimu juu. Hiyo ya juu ndiyo watu huikumbuka, wakaiita faida. Ni deni jipya lililovikwa kanzu. Sisemi usilichukue, mtu anajua shida za nyumba yake, lakini liite kwa jina lake.

Kwa hiyo mtu wa fulana akija, usimuulize riba ni asilimia ngapi kisha ukanyamaza. Muulize jumla utakayolipa kuanzia leo mpaka siku ya mwisho, ada zote ndani, halafu uilinganishe na jumla iliyobaki ulikotoka. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka gharama ziwekwe wazi kabla hujasaini. Akisema mpaka aulize ofisini, mwache aulize. Mkopo hauozi.

Barua ya salio nayo ina kisa chake. Benki mpya haiwezi kununua deni bila barua ya benki ya zamani inayosema salio ni kiasi gani na linalipwa wapi. Siku unayokwenda kuiomba ndiyo siku benki yako ya zamani inagundua kuwa inakupenda. Miaka mitatu hujapigiwa simu hata ya Idi, leo ofisa mikopo anakuita “mteja wetu wa thamani” na kukupa soda. Anataka kukutopu, yaani akuongezee mkopo hapohapo ili usiondoke. Ukikataa, barua inaingia kwenye siku za kazi, na siku za kazi zina mikono mirefu. Salio lenyewe lina tarehe ya mwisho, kwa sababu riba inatembea kila siku. Barua ikichelewa kutumika, hesabu inabadilika na unarudi foleni.

Kufunga mlango ulioufungua mwenyewe

Sasa nisimulie yangu. Akaunti yangu ya zamani niliifungulia Songea mwaka 2008, nilipokuwa kijana wa kazi ya kwanza. Nilipoamua kuifunga nilikuwa naishi Dar es Salaam muda mrefu, na kwenye tawi la karibu nilihudumiwa kila kitu miaka yote: kuweka, kutoa, kadi mpya, taarifa ya akaunti. Siku niliposema “kufunga”, dada wa huduma kwa wateja akanitazama kama nimetukana. “Hiyo mpaka tawi ulilofungulia.” Kilomita karibu elfu moja. Nilimuuliza, kama ningekuja kuweka milioni kumi ningetumwa Songea? Akacheka, akaniambia nimwone meneja. Meneja alikuwa kwenye kikao. Kwa wiki mbili.

Tulipovuka hapo, likaja suala la mimi ni nani. Mwaka 2008 kitambulisho changu kilikuwa cha mpiga kura. Jina la babu likaandikwa kwa “y” mahali ambapo NIDA, miaka kadhaa baadaye, waliandika “i”. Saini yangu ya miaka ile ilikuwa na mikia. Siku hizi sina muda wa mikia. Kompyuta ikasema huyu siye. Nikaenda kwa wakili, nikalipia hati ya kiapo kwamba mimi ni mimi. Nakiri kwamba kuna hekima fulani katika usumbufu huu. Akaunti inayofungwa hovyo na yeyote mwenye jina linalofanana ni hatari kuliko foleni. Lakini wakati wa kuingia hekima hiyo ilikuwa likizo.

Mwishoni nikaambiwa akaunti ina upungufu wa shilingi 12,000 kwa sababu ya makato ya mwezi, niweke kwanza ndipo ifungwe. Niliweka. Nilidai barua yenye muhuri na tarehe ya kufungwa, nikapewa kwa shingo upande. Ninayo mpaka leo.

Hapo ndipo panapoanguka dawa ya yule mwalimu wa “acha sifuri utupe kadi”. Akaunti yenye sifuri haijafungwa, imelala. Kutegemea aina ya akaunti, makato ya kila mwezi huendelea kuandikwa, na siku moja pesa ikiingia kwa bahati mbaya, mgao wa kikundi uliousahau au marejesho ya nauli ya safari ya kikazi, benki inakula kwanza yake. Mbaya zaidi ni wale waliokuwa na mkopo mdogo wa simu uliounganishwa na akaunti, ile advansi ya mshahara ya kubonyeza tu. Wao hawajaacha sifuri, wameacha deni.

Na deni lina miguu. Benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo zilizosajiliwa na Benki Kuu, na benki mpya ikitaka kukukopesha huchungulia huko. Ndiyo kejeli ya jambo zima: namba yako ya akaunti haiwezi kuhama nawe, uaminifu wako wa miaka kumi na huyo meneja hauhami, lakini rejesho ulilochelewesha litakutangulia kufika. Ukilipa vizuri nalo huonekana, sawa, tena ni jambo la kuuliza benki mpya ilitazame wakati wa kupanga riba.

Kama unafunga, usiifunge ya zamani mpaka mishahara miwili iingie salama kwenye mpya. Chukua taarifa ya akaunti ya mwaka mzima ungali mteja, kwa sababu ukishaondoka programu ya simu inazimwa na siku ubalozi au benki nyingine inapoitaka utaanza kuwa mgeni pale ulipokuwa mwenyeji. Wenye vikundi wajue kwamba akaunti ya kikundi haifungwi na mwenyekiti peke yake, inataka watia saini wote na muhtasari wa kikao, na yule mtia saini aliyehamia Mpanda bila kuaga atatafutwa. Benki ikikuzungusha bila sababu, andika malalamiko kwao kwanza, pata namba ya kumbukumbu, na wasipokujibu yapeleke Benki Kuu. Kuna hata njia ya mtandaoni iitwayo Sema na BoT, yaani sema na Benki Kuu.

Inawezekana, wakitaka

Ukitaka kujua kwamba kuhama benki hakuhitaji kuwa mateso, tazama siku ambayo si mteja anayehama. Agosti 2018 Benki Kuu iliiweka Bank M chini ya usimamizi wake, na Januari 2019 ikatangaza kuwa mali na madeni yake yanahamia Azania Bank. Wateja walikuwa wamekaa miezi bila uhuru na pesa zao, hilo lilikuwa chungu, lakini akaunti zenyewe zilihama kwa mafungu. Hakuna aliyetumwa tawi alilofungulia. Mwenye mamlaka alipoamua, kurasa za daftari moja ziliingia kwenye daftari jingine.

Bila shaka wapo waliokuwa na bahati mbaya zaidi. Januari 2018 benki tano ndogo zilifungwa kwa mpigo, wateja wakaangukia Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo kinga yake ilikuwa mwisho shilingi 1,500,000 kwa mteja. Sasa ni 7,500,000. Kinga hiyo ni ya mtu kwa benki: akaunti zako tatu ndani ya benki moja zinajumlishwa, hazizidishi kinga. Kwa mwenye akiba inayozidi hapo, kufungua akaunti benki ya pili bila kufunga ya kwanza si uvivu, ni akili.

Uingereza tangu Septemba 2013 wana utaratibu wa pamoja wa kuhama. Mteja anaiambia benki mpya tu. Ndani ya siku 7 za kazi benki mbili zinamalizana: salio linahama, maagizo ya malipo ya kila mwezi yanahama, akaunti ya zamani inafungwa, na pesa inayotumwa kwa namba ya zamani inaelekezwa kwenye mpya kwa miaka 3. Namba haikuhama. Walichofanya ni kuweka kibao kwenye nyumba ya zamani kinachosema “amehamia kule”, na kumtwisha benki mpya, yule mwenye hamu, kazi ya kuzunguka na karatasi.

Hapa kwetu mfumo wa kupitisha pesa tunao, kitambulisho kimoja cha taifa tunacho, na mwenye rungu anajulikana. Kinachokosekana ni kile kibao. Benki hazitakiweka kwa hiari yao, maana kila moja inadhani itapoteza wateja, na inasahau kwamba ingepata wa mwenzake.

Mpwa wangu alipiga tena Jumamosi. Alikuwa amemuuliza kijana wa fulana ile jumla, na jumla ilipokuja ameamua kubaki na mkopo wake miaka miwili iliyosalia, ila mshahara auhamishie benki yenye wakala pale pale kijijini, maana kila mwisho wa mwezi nauli ya kwenda mjini inamla. Ameomba barua ya kuridhia kutoka benki ya zamani. “Wamesema siku saba za kazi, mjomba. Nikawaambia waniandikie tarehe.”

“Wakaandika?”

“Wamenipa soda.”